Foto Mbili za Tatiana

Tatiana alikuwa nyuma ya taksi-moto, akitoka Dilala kwenda kazini, alipojiona kwenye ukuta wa duka la dawa. Alikuwa pale mara mbili. Kushoto alikuwa mnene, amevaa kitenge cha kijani alichokishonesha kwa harusi ya binamu yake, sahani mkononi. Kulia alikuwa amepungua, amevaa suruali, anacheka na mkono kiunoni. Chini ya foto hizo waliandika kwa herufi nyekundu: BILA KUHESABU, BILA NJAA, KWA MAISHA YOTE. Halafu kwa herufi ndogo, kwamba mama huyu wa Kolwezi aliacha bukari, ule ugali wa kila siku, kwa programu ya Kocha Godefroid, na kilo zake hazikurudi tena.

Akamgusa dereva begani asimame. Akashuka, akasogea hadi karibu na bango, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba pua ile ni yake. Dereva alitazama bango, akamtazama yeye, akarudi kwenye bango. Alikuwa kijana mwenye adabu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ule ni yaya yako, dada yako mukubwa?"

"Hapana," alisema Tatiana. "Njo mi mwenyewe."

Dereva aligeuza macho upesi kwenye usukani wa pikipiki. Na adabu ile ilimuuma kuliko maandishi, kwa sababu alijua maana yake. Tatiana aliyesimama barabarani asubuhi ile hakuwa yule wa kushoto, wala hakuwa yule wa kulia. Alikuwa katikati, na tangu msiba wa baba yake alikuwa akielekea kushoto.

Huyo Kocha Godefroid alimfahamu kwa jina tu, kama watu wengi mjini. Hakuwahi kukanyaga mlango wake wala kunywa unga wake wa majani. Kupungua kwake kulikuwa jambo la nyumbani, kati yake na Mianda, mke wa kaka yake Kalombo, mulamu ambaye alikuwa rafiki yake kuliko dada zake wa tumbo moja.

Ilianza miaka mitatu nyuma, siku walipokwenda pamoja kwenye kituo cha afya kumsindikiza mtoto, na Dokta Stéphanie akawapima wote wawili tansio, presha ya damu, kwa sababu tu walikuwa wamekaa pale. Tansio ya Tatiana ilikuwa juu. Ya Mianda ilikuwa juu zaidi. Dokta aliwaambia wapunguze mwili, akawaeleza kwamba njia ziko nyingi na kila mmoja achague ile anayoweza kuishi nayo. Wakatoka nje wakibishana, na ubishi ule haujaisha hadi leo.

Mianda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alipenda hesabu. Yeye alisema chakula ni chakula, kinachonenepesha ni wingi wake, kwa hiyo atakula kila kitu ila atahesabu kalori. Akaweka kwenye telefone programu moja ya Kifaransa. Programu ile ilijua jibini za kila namna na samaki wa bahari baridi za Ulaya, lakini bukari haikuijua. Akaandika kwamba amekula polenta. Sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyoipika kwa mawese na karanga, akaiandika kama mchicha, na telefone ikampongeza kwamba karibu hajala kitu. Alipoona mwezi umepita na kilo ziko palepale, alinunua mizani ndogo ya jikoni, akaanza kupima unga kabla haujaingia kwenye maji, na mawese kijiko kwa kijiko. Kalombo alimcheka, akasema amemuoa mama wa duka.

Tatiana hakuweza hesabu ile. Alikuwa karani katika biro ya watu wanaotengeneza makaratasi ya malori ya shaba yanayoshuka mpakani Kasumbalesa, na kutwa nzima macho yake yalikuwa kwenye tarakimu. Hakutaka kurudi nyumbani azikute ndani ya sufuria. Yeye alikata moja kwa moja: bukari, wali, mkate, viazi, mikate ya asubuhi ya kukaangwa kwa mafuta, na soda. Alikula mayai, samaki, nyama ikipatikana, mboga za lengalenga, maparachichi na karanga. Siku za kwanza kichwa kilimgonga na alikuwa mkali kwa watoto. Baadaye njaa ilimwacha, kama mgeni aliyechoka kubisha hodi, na nguo zikaanza kumlegea.

Mama yake, Mama Ngeleka, hakukubali. Kwao Kasai, mtu ambaye hajala nshima, bukari ya kwao, hajala, hata ukimlisha mbuzi mzima. Alikuwa akimtumia Tatiana bukari ndani ya bakuli lililofunikwa kitambaa, vile wanavyotumiwa wagonjwa, na Tatiana alikuwa akiwapa watoto.

"Wee unafunga mulango moja tu," Mianda alimwambia. "Siku itafunguka, bitu yote itaingia."

"Na wee unachunga milango yote," Tatiana alimjibu. "Utachoka, utasinzia."

Walipungua wote wawili. Tatiana alipungua mbio, na katika miezi ya kwanza watu walikuwa wakimsimamisha sokoni kumuuliza siri. Mianda alipungua polepole, hata wengine hawakuona. Mwaka ulipokwisha walipanda mizani ya kituo cha afya, mmoja baada ya mwingine, na tofauti yao ilikuwa ndogo sana hata wakacheka. Jioni hiyo Tatiana aliweka foto zake mbili kwenye Facebook, ile ya harusi na mpya, akaandika asante kwa Mungu na kwa mulamu wake.

Halafu Tata Mulumba, baba yake, akafa. Alikuwa mzee wa kampuni ya shaba wa zamani, na kilio chake kilijaa watu kutoka Likasi hadi Mbuji-Mayi. Wanawake walipika bukari nje kwenye sufuria kubwa, na maharage, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, siku baada ya siku. Tatiana alikaa chini kwenye mkeka kati ya shangazi zake. Walimwekea bonge mkononi, naye akala. Angewezaje kukataa? Kumwambia nani, kwenye kilio cha baba yake mwenyewe, kwamba yeye hali bukari? Alipomaliza kilio alijaribu kurudi kwenye njia yake, lakini mwili ulikuwa umekumbuka. Ikaja miezi ambayo mume wake, Ruffin, fundi wa malori makubwa huko Fungurume, alipunguziwa siku za kazi, na nyama ikawa kitu cha Jumapili. Kilo zilirudi. Hazikurudi zote, ila zilirudi.

Na Mianda, aliyekuwa anachunga milango yote, telefone yake ilikaa chini ya pochi tangu siku ya mazishi. Na yeye alinenepa tena kiasi chake. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Ndiyo maana bango lile lilikuwa uongo mara tatu: programu ya uongo, ruhusa ya uongo, na mwisho wa uongo.

Tatiana alipiga namba iliyokuwa kwenye bango akiwa bado amesimama pale. Godefroid mwenyewe aliitika, kwa sauti laini ya watu wa redio. Alimpongeza. Alimwambia foto ya Facebook ni kama nguo iliyoanikwa barabarani, kila mpita njia anaiona, na yeye hakufanya ila kumpa heshima. Tatiana alipomwambia aliondoe bango, alijibu kwamba ukuta umekwisha kukodiwa mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akamwalika aje kwenye mikutano yake awe mama wa mfano, akae mbele, asiseme kitu, atabasamu tu.

Alikwenda kwa mwenye duka la dawa. Yule alisema yeye anakodisha ukuta, maneno ya ukutani si yake. Alikwenda kwa polisi. Afisa aliyekuwa zamu alimuuliza kama ameandikwa tusi. Tatiana akasema hapana. Afisa akauliza kama ameandikwa kwamba ni mnene. Akasema hapana, ameandikwa kwamba amepungua. Maafisa wawili waliokuwa nyuma walicheka, na yule wa zamu akamwambia mama arudi nyumbani, kuna watu wenye shida.

Kalombo alimshauri aache, kwa kuwa jua na mvua vitalifuta bango lenyewe. Bironi walianza kumwita Kwa Maisha Yote. Alikuwa akicheka nao, kwa sababu ukikasirika watu wanaongeza, halafu akawa anapita njia ya mbali asilione. Kitu kilichomfunga mdomo kilikuwa aibu. Ili kusema bango linadanganya, ingebidi asimame mbele ya watu aseme: niangalieni, kilo zimerudi. Nani anapenda kusema hivyo? Hasira yake ilikaa ndani kama chakula kisichoshuka.

Bango lilikuwa limekaa wiki kama mbili hivi, pale Mama Mushiya alipoanguka.

Mama Mushiya alikuwa mjane, jirani wa Tatiana, shemasi kanisani, na muuzaji wa samaki wadogo wakavu kwenye soko la Dilala. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani na alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa, maana alikuwa mtu wa kufuata amri. Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, wanawake wa meza za jirani walimwona anatoka jasho wakati hakukuwa na jua. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mteja alimuuliza bei, naye akajibu maneno yasiyoeleweka, kama mlevi, halafu akainama polepole juu ya samaki wake. Wengine walianza kuomba. Mmoja alisema ni mambo ya kutupiwa. Kwa bahati Mianda alikuwa pale akinunua mboga. Yeye hakungoja maombi yaishe. Walimpandisha kwenye taksi-moto, katikati ya dereva na Mianda, wakamkimbiza kituo cha afya.

Dokta Stéphanie alimpima kidole. Sukari ilikuwa imeshuka hadi mahali pa hatari. Walimtia serumu ya sukari kwenye mshipa, na muda si mrefu Mama Mushiya akafungua macho na kuuliza nani amebaki na samaki.

Tatiana alipofika kutoka kazini alikuta dokta anamhoji mgonjwa, na uso wa dokta ulikuwa umekunjamana. Mama Mushiya alieleza kwamba tangu wiki iliyopita ameacha bukari, wali, mkate, kila kitu. Dokta akamuuliza kama vidonge aliendelea navyo. Akasema ndiyo, dawa haiachwi. Nani alimwambia aache bukari? Akasema ni Kocha Godefroid, amekwenda kwenye mkutano wake, wamemuuzia unga wa majani na wamempa karatasi ya vyakula. Walimuuliza kama anameza dawa? Hapana, hawakumuuliza kitu, walimpima kiuno tu.

Dokta Stéphanie alieleza polepole, ili hata wale waliosimama mlangoni wasikie. Kuacha bukari si dhambi, wako wagonjwa wa sukari ambao kunawasaidia sana. Lakini vidonge vile vinashusha sukari, na chakula kinaipandisha. Ukikata chakula hicho ghafla, na vidonge ukaviacha vilevile, sukari inaporomoka na mtu anaweza kufa mezani pake. Ilibidi kwanza aje, dawa ipunguzwe, wamfuatilie. Jambo hilo si la kufanywa na mtu anayepima viuno.

Tatiana alishika mkono wa yule mama, akamuuliza kwa nini alimwamini mtu yule.

"Sikumuamini yeye," alisema Mama Mushiya. "Nilikuona wee ku ukuta. Mi nakujua tangu uko mutoto. Nikasema, Tatiana hawezi kunidanganya."

Tatiana hakulia. Alitoka nje ya kituo, akasimama kwenye jua, na kwa mara ya kwanza tangu bango litundikwe hakuona aibu yoyote. Aibu ilikuwa imeondoka na mahali pake pamejaa kitu kingine. Walichukua uso wake, wakautuma kwa mjane anayeuza samaki, na uso wake ukamwambia mjane yule uongo. Mianda alimfuata nje, akasema mkutano wa Godefroid ni Jumamosi mchana, na yeye atakuwa ameshamaliza kusahihisha madaftari.

Ukumbi ulikuwa ule wanaokodisha kwa harusi, viti vya plastiki bado vina riboni. Ulijaa. Walikuwako mama wa kanisa, watu wa malori, wafanyakazi wa migodi ambao madaktari wa kazi waliwaambia wapunguze tumbo, wasichana wawili wanaotaka kuvaa nguo fulani. Godefroid alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la rangi ya maziwa, naye alizungumza vizuri, Tatiana hakuweza kukana hilo. Alisema wanaohesabu kalori wanateseka bure, maana mwili si mashine ya hesabu. Alisema adui ni mmoja, ni bukari, na anayemfukuza adui huyo anapona milele. Nyuma yake, kwenye kitambaa kikubwa, walikuwako Tatiana wawili.

Alipouliza kama kuna mwenye swali, Tatiana alisimama na kwenda mbele. Hakuomba maikrofoni. Alisimama chini ya foto zake, akawageukia watu.

"Jina yangu ni Tatiana," alisema. "Ile foto ni mi. Mu programu ya huyu tata sikuingia hata siku moja. Foto aliiba ku Facebook yangu. Bukari niliacha mi mwenyewe, mu nyumba yangu, na kweli nilipungua. Ile haiko uongo. Lakini ameandika kilo hazikurudi. Muniangalie muzuri."

Watu walimwangalia. Alijua wanapima: kitenge, mikono, kiuno. Alisimama wamalize.

Kisha akamwonyesha Mianda kwa kidole, aliyekuwa amesimama katikati ya viti. "Ule ni mulamu yangu. Yeye alikuwa anakula bukari, lakini alihesabu kila kitu. Mi nilipungua mbio, yeye polepole. Mwaka ilipita, tukapima, tulikuwa karibu sawasawa. Kisha tata yetu alikufa, na sisi bote tulirudilia kunenepa. Sasa tunaanza tena, kila mutu na njia yake. Hakuna mwenye alishinda. Huyu mwenye kuwaambia kwa maisha yote, amejua maisha yangu wapi?"

Godefroid hakutetereka. Alimngoja amalize, akatabasamu, akawageukia watu wake kama padri anayefafanua somo. "Munaona? Mungu ametuletea mufano. Huyu mama alikuwa amefika, akarudilia bukari. Programu haikuanguka. Yeye njo alianguka."

Ukumbi ukacheka. Si wote, lakini ilitosha. Mtu mmoja wa mbele alipiga makofi. Tatiana alitambua ujanja wenyewe ulivyo mtamu: ukipungua, ni Godefroid, ukinenepa, ni wewe.

"Kama dawa inafanya kazi tu ku mutu mwenye hajafiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka badala ya kupanda, "mwenye hana wageni, mwenye hana mwezi mubaya, basi uandike ile ku ukuta. Mi sikuanguka. Nilikula bukari ku kilio ya tata yangu. Mwenye alianguka ni Mama Mushiya wa samaki, juu ya meza yake. Eko na dawa ya sukari. Mulimuondolea chakula yote, na hakuna mutu hapa alimuuliza anameza nini."

Kicheko kilikatika. Mama Mushiya alijulikana. Nusu ya wale mama walinunua kwake.

Kwenye viti vya nyuma akasimama mwanaume mzito, dereva wa lori, jina lake Sadrack. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Alisema na yeye anameza vidonge vya sukari, na ameanza programu tangu Jumatatu. Leo asubuhi, akiwa njiani kutoka Tenke, macho yalifanya ukungu, na akasimamisha lori pembeni akifikiri ni usingizi.

"Mulinipima kiuno," alisema. "Dawa hamukuniuliza."

Godefroid alisema kesi za namna hiyo zinaonwa baada ya mkutano, na msaidizi wake ataandika jina. Sadrack alimtazama kidogo, akachukua kofia yake, akatoka. Mianda alimkimbilia mlangoni kumpa namba ya kituo cha afya. Wengine waliinuka, mama wa kanisa kwanza, wakiburuta viti. Lakini wengine walibaki, na Tatiana alipokuwa anatoka alisikia makofi tena nyuma yake na ile sauti laini ikiendelea pale ilipoachia. Hilo ndilo lililomchoma zaidi njia nzima. Alitegemea kwamba ukweli ukisemwa mchana, mbele ya watu, ukumbi utabaki mtupu.

Jumatatu, baada ya kazi, alikwenda kwenye ukuta wa duka la dawa na Mianda na wanawake wanne wa soko, wale wale waliomwinua Mama Mushiya. Walikwenda na kisu cha samaki. Mwenye duka alitoka mlangoni, akawaona, akarudi ndani kupanga chupa. Walikata kamba, wakalikunja bango, na mmoja akaomba alichukue kufunika meza yake mvua ikija. Tatiana akakataa. Hakutaka uso wake ukae sokoni pia.

Mama Mushiya alipona. Dokta alipunguza vidonge vyake, akamwekea bonge dogo la bukari mchana na kumwambia aje kila wiki. Mama Ngeleka aliposikia kisa chote alisema ndivyo alivyowaambia toka mwanzo, akamtumia Tatiana bakuli. Sadrack alikwenda kupimwa, na baadaye akapita bironi kwa Tatiana na makaratasi ya lori lake, akamsalimia kwa heshima mbele ya wale waliokuwa wakimwita Kwa Maisha Yote. Hawakumwita tena hivyo.

Halafu Ruffin akapiga simu kutoka Fungurume. Kocha amehamia huko. Karibu na njia ya kuingilia mgodini kuna bango jipya ukutani, herufi zilezile nyekundu, ila mama ni mwingine. Yeye anamfahamu kwa sura, anauza mikate ya mafuta na chai kwa watu wa zamu ya asubuhi, anaitwa Shekina.

Kalombo alimwambia dada yake kwamba safari hii jambo halimhusu. Tatiana alipanda gari Jumamosi iliyofuata.

Alimkuta Shekina kwenye meza yake, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mzuri, ana unga kwenye viganja. Tatiana alipotaja bango, yule alisimama wima, tayari kwa ugomvi. Alidhani mgeni amekuja kumcheka. Alisema kwake hakuna kilichoibwa. Aliingia kwenye programu kweli, tangu miezi mitano amepungua kweli, na foto alitoa mwenyewe.

Tatiana hakuwa ametegemea jibu hilo. Alikuwa amekuja na hasira yake nzima, na sasa hakuwa na mahali pa kuitua. Akauliza tu kama ana ugonjwa wowote, kama anameza dawa. Shekina akasema hapana, ni mzima.

"Basi ni muzuri," alisema Tatiana. "Kama inakusaidia, uendelee. Mi pia ilinisaidia mwaka muzima. Nilikuja tu kukuambia, siku yenye kilo moja itarudi, batakuambia wee njo ulianguka. Usikubali."

Shekina aliinamisha kichwa, akageuza mikate kwenye mafuta, ingawa ilikuwa bado haijawa tayari kugeuzwa. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba kilo zimekwisha kurudi. Mbili. Mikate anaipika kila siku, na mwezi uliopita mtoto wake aliugua, akawa hana nguvu ya kupika vyakula viwili nyumbani. Alimweleza kocha. Kocha akamwambia asimwambie mtu, na avae nguo pana.

"Alikuambia uvae nguo pana?" aliuliza Tatiana.

"Njo vile."

Tatiana akakaa kwenye benchi la wateja. Aliona hasira yake inarudi, nzima, na safari hii haikuwa kwa ajili yake hata kidogo. Shekina alimmiminia chai, akaweka sukari kijiko kimoja, akasita na kijiko cha pili hewani, akamtazama aone anasemaje. Tatiana alisema kimoja kinatosha.

Walizungumza hadi mafuta yakapoa. Shekina alimuuliza habari za Mianda na mizani yake, na kama bukari kweli inaweza kupimwa ikiwa bado unga. Mwishowe akajifuta mikono, akamwomba mwenzake wa meza ya pili amtazamie vyombo.

"Ule ukuta sijaenda kuuona hata siku moja," alisema. "Nilikuwa naona haya. Twende."